Nimechoka, Nimeumia, Naugua: Kujua Wakati wa Kupumzika Mazoezi

Mazoezi ya viungo yamekuwa sehemu ya maisha ya walimu na wanafunzi wengi wa idara yetu. Wapo wanaokimbia alfajiri kabla ya vipindi, wapo wanaocheza mpira jioni, na wapo wanaotembea kwa makusudi kutoka nyumbani hadi chuoni. Katika kurasa kama hizi tumezoea kuhimizana kuanza mazoezi na kutoyaacha. Makala haya yanashughulikia upande wa pili, ambao aghalabu husahauliwa: mtu anayefanya mazoezi kwa utaratibu apumzike lini, na atajuaje kwamba wakati huo umefika?

Hoja yetu ni moja. Mtu hujua wakati wa kupumzika akiweza kuitaja hali ya mwili wake kwa neno lake halisi. Neno "nimechoka" hubebeshwa hali tatu zilizo tofauti: kuchoka kwenyewe, kuumia na kuugua. Kila hali ina pumziko lake, na kuzichanganya kwaweza kumgharimu mtu afya yake, hata uhai.

1. Yaliyotupata Gatete

Kisa kilichotusukuma kuandika kilitokea Gatete, katika eneo la Rumonge, kando ya barabara ya lami inayofuata ufuo wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura kuelekea Nyanza-Lac. Tulikwenda huko na kikundi cha wanafunzi kwa siku kumi kukusanya msamiati wa wavuvi na wa wakamuaji wa mawese. Tulikubaliana kukimbia pamoja kilomita sita kila alfajiri, jua lisije likatukuta barabarani. Ili asiwepo wa kubaki kitandani, tuliweka sharti: atakayekosa siku moja atawanunulia wenzake chai na maandazi. Lilikuwa sharti la mzaha, lakini kwa mwanafunzi mwenye pesa za kuhesabu halikuwa mzaha.

Siku ya sita mwanafunzi mmoja alituambia, "Mwalimu, nimechoka." Tulimjibu kwa methali: mchumia juani hulia kivulini. Siku ya saba alirudia maneno yaleyale, akakimbia nyuma ya wote. Siku ya nane aliongeza kwamba kichwa kinamuuma kidogo. Tukamwambia jasho litakiondoa. Alifika nusu ya njia, akaketi chini ya mchikichi akitetemeka kwa baridi, asubuhi ambayo sisi wengine tulikuwa tumelowa jasho. Tulimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki. Kipimo kilionyesha malaria.

Alipewa dawa, akapona, nasi tunamshukuru Mungu. Hata hivyo, kosa lilikuwa letu. Tulikuwa Gatete kwa ajili ya kuuliza watu maana za maneno. Wavuvi tuliwauliza maswali kumi juu ya neno moja, hadi wakatucheka. Mwanafunzi wetu alituambia "nimechoka" siku tatu mfululizo, na hatukumuuliza hata swali moja.

2. Kupumzika ni kuutengua uchovu

Tuanze na lugha yenyewe. Katika Kirundi, kuruha ni kuchoka, na kuruhuka ni kupumzika. Msomaji wa mofolojia ataona mara moja kiambishi -uk-, ambacho ni ndugu wa kile tunachokiona katika Kiswahili funga na funguka, au ziba na zibuka. Ni kauli ya kutendua. Kwa Kirundi, basi, anayepumzika hakai bure: anaufungua uchovu ulioufunga mwili wake. Jirani na Gatete, katika eneo hilohilo la Rumonge, kuna mahali panapoitwa Buruhukiro, jina lenye mzizi huo pamoja na kiishio -iro cha mahali. Ni mahali pa kupumzikia. Katika Kiswahili nako, pumzika lina uhusiano na pumzi. Anayepumzika hurudisha pumzi zake.

Elimu ya mwili inakubaliana na sarufi hiyo. Zoezi lenyewe haliongezi nguvu, bali huzitumia. Mtu anapokimbia, misuli yake hupata michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, akiba ya sukari iliyomo misulini hupungua, na maji pamoja na chumvi hutoka kwa jasho. Ni baada ya zoezi, na hasa usingizini, ndipo mwili unapoitengeneza michubuko hiyo na kuijenga misuli iwe imara kuliko awali. Akiba ya sukari hurudi kwa muda wa takriban siku moja ikiwa mtu atakula vizuri ugali, wali, ndizi au mihogo. Misuli iliyofanya kazi nzito huhitaji saa 48, na pengine zaidi. Mifupa huenda polepole zaidi: hujijenga upya kwa wiki na miezi. Anayerudia zoezi zito kila siku bila kuacha nafasi ni sawa na fundi anayepaka rangi ukuta ambao plasta yake haijakauka.

Wavuvi wa Gatete hawakuhitaji kitabu kulijua jambo hili. Uvuvi wao wa ndagala hutumia taa: nuru huwavuta samaki usiku wa giza. Mbalamwezi inapotawala, nuru ya taa haina nguvu, na waendao kwa taa hukaa nchi kavu siku kadhaa. Tuliwakuta wakishona nyavu, wakiziba mitumbwi na kulala usingizi wa mchana. Hakuna aliyewaita wavivu, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba wavu usioshonwa siku hizo utapasuka siku za giza. Ziwa lenyewe nalo limeanza kupumzishwa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana.

Na ile methali tuliyomjibu mwanafunzi wetu? Tuliitumia nusu. Mchumia juani hulia kivulini. Sisi tulishika jua, tukakisahau kivuli, ilhali kivuli ndicho mwisho wa sentensi.

3. Kuchoka

Kuchoka ni hali ya kawaida na ni dalili kwamba mwili umefanya kazi. Maumivu ya misuli baada ya zoezi jipya au zito huanza siku inayofuata, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua yenyewe. Aghalabu huwa katika miguu yote miwili na hulegea mtu anapoanza kutembea. Katika hali hii hakuna haja ya kulala kitandani. Matembezi mepesi na kunyoosha viungo vyatosha, kisha zoezi zito lisubiri siku moja au mbili.

Lakini uchovu waweza kujilimbikiza. Njia rahisi ya kuugundua ni kuhesabu mapigo ya moyo asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu kwa dakika moja nzima. Fanya hivyo kwa wiki moja ili uijue hesabu yako ya kawaida. Ikipanda kwa mapigo 5 hadi 10 siku mbili au tatu mfululizo, mwili haujamaliza kazi ya jana. Dalili nyingine ni usingizi wa mang'amung'amu ingawa mtu amechoka, hasira za bure, kukosa hamu ya kula, na njia ileile ya kila siku kuonekana ndefu. Dalili mbili au tatu zikikutana, pumzika siku moja au mbili. Zikiendelea kwa wiki kadhaa licha ya kupumzika, muone daktari.

Joto nalo lina hesabu yake. Ufuo wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nzito na yenye joto. Baadhi ya wanafunzi wetu wanatoka Gitega na milima mingine iliyo juu ya mita 1,500, penye baridi. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Siku za kwanza, mgeni apunguze mwendo na umbali, na anywe maji hata kabla ya kiu.

Wako watakaouliza: mbona mabingwa hawapumziki? Jibu ni kwamba wanapumzika. Huko Iten nchini Kenya, wanariadha wengi hawafanyi mazoezi Jumapili. Mfano unaotajwa kinyume cha hayo ni Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 huko Chicago Oktoba 8, 2023. Kocha wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda, aliwaeleza waandishi wa habari mwaka huohuo kwamba Kiptum hukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki, wakati mwingine zaidi ya 300, bila siku maalumu ya mapumziko. Lakini kocha alieleza pia kwamba walipumzika Kiptum alipoonyesha uchovu, na hakuficha hofu yake kwamba mwendo ule ungeweza kumuumiza. Ajali ya gari iliwaua wote wawili Februari 11, 2024, hivyo swali hilo halitajibiwa. Tunachojifunza ni kwamba hata asiye na siku maalumu ya kupumzika alikuwa na mtu wa kumtazama kila siku na kumwambia basi. Mwalimu anayekimbia peke yake alfajiri hana mtu huyo. Ni heri awe na siku yake ya kupumzika iliyoandikwa kwenye ratiba.

4. Kuumia

Tazama tofauti ya sentensi hizi mbili: "mguu unaniuma" na "nimeumia mguu". Katika ya kwanza, mtenda ni mguu, na maumivu yanaweza kuwa ya kupita. Katika ya pili, aliyepatwa na jambo ni mtu mzima. Wanamichezo wengi hung'ang'ania sentensi ya kwanza wakati ukweli wao ni wa sentensi ya pili.

Maumivu ya kuumia yana alama zake. Yapo mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa kidole kimoja, kwa mfano kwenye muundi, kwenye kisigino au pembeni mwa goti. Huwa upande mmoja. Huzidi kadiri mtu anavyoendelea kukimbia, badala ya kupungua. Humfanya achechemee au abadili hatua. Huendelea hata akiwa amekaa, au humwamsha usiku. Pengine huandamana na uvimbe. Ukiziona alama hizi, acha kukimbia siku hiyohiyo. Usimeze dawa ya maumivu ili uendelee, kwa maana dawa hunyamazisha kengele lakini haizimi moto.

Kinachohofiwa hasa ni ufa mdogo wa mfupa unaosababishwa na mfupa kupigwapigwa bila kupata muda wa kujijenga. Ufa huo hutokea sana kwenye muundi na kwenye mifupa ya unyayo, na kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8 bila kukimbia. Asiyepumzika huugeuza ufa kuwa mvunjiko, na wiki zikawa miezi. Hata bingwa hana kinga. Francine Niyonsaba, aliyeiletea Burundi medali ya fedha ya mita 800 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na kuweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mwaka 2021, alijitoa katika Mashindano ya Dunia ya Oregon mwaka 2022 kwa sababu ya ufa wa namna hiyo mguuni. Ikiwa mwanariadha wa daraja lake alikubali kuyakosa mashindano ya dunia, sisi tunashindwaje kuikosa asubuhi moja ya barabara ya Gatete? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika jambo hili, mkuu ni mguu wenyewe.

5. Kuugua

Hapa ndipo tulipokosea. Malaria huanza na mwili kulegea, kichwa kuuma, viungo kuuma na hamu ya kula kupotea. Dalili hizo ni zilezile ambazo mkimbiaji huzidhania kuwa uchovu wa mazoezi. Katika nchi yetu hili si jambo la nadra. Mwezi Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria kuwa janga, na nyanda za chini za ufuoni, penye joto na maji yaliyotuama, mbu hawakosekani.

Kanuni inayotumiwa na waalimu wengi wa michezo ni ya shingo. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, kama mafua mepesi na kuwasha kwa koo, mtu aweza kufanya zoezi jepesi, na aache akizidiwa. Dalili zikishuka chini ya shingo, yaani kikohozi cha kifuani, tumbo kuharisha au maumivu ya mwili mzima, asifanye zoezi lolote. Homa haina shingo: penye homa hapana mazoezi. Anayekimbia na homa huongeza joto juu ya joto na hupoteza maji ambayo mwili unayahitaji. Aidha, baadhi ya maradhi ya virusi huweza kuushika msuli wa moyo, na zoezi zito wakati huo laweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua ghafla. Imani kwamba jasho hutoa homa haina msingi, nasi tumeikana hadharani.

Katika ukanda wa malaria, kanuni hiyo ya shingo haitoshi peke yake. Maumivu ya kichwa yako juu ya shingo, lakini yakiandamana na ulegevu au baridi, usikisie. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka hutumia tone la damu na hutoa jibu kwa dakika chache. Baada ya kutibiwa, maliza dawa zote, subiri nguvu zirudi, kisha anza kwa matembezi. Na kwa yeyote yule, maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au kuzimia wakati wa zoezi si jambo la kupumzikia nyumbani. Ni jambo la hospitali.

6. Kuupanga mpumziko

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kiasi hicho kinapatikana bila kukimbia kila siku. Anayeanza aweza kukimbia Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, akatembea siku nyingine mbili, na kupumzika zilizobaki. Aliyezoea apishanishe siku nzito na siku nyepesi, aache siku moja nzima ya mapumziko, na kila baada ya wiki tatu apunguze umbali kwa wiki moja.

Wakati wa Ramadhani, ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi Rumonge, wanafahamu tayari hekima ya kupunguza. Kwa wafungao, zoezi jepesi muda mfupi kabla ya futari, au baada ya kufuturu mwili ukishapata maji, ni salama kuliko kukimbia mchana wa jua.

Wengi huogopa kwamba wakipumzika watapoteza yote waliyoyachuma. Hofu hiyo ni kubwa kuliko ukweli wake. Siku mbili tatu hazipunguzi chochote cha maana, na mara nyingi mtu hurudi akiwa mwepesi zaidi. Uwezo wa moyo na mapafu huanza kushuka kwa kuonekana baada ya takriban wiki mbili za kukaa bure, na hata huo hurudi kwa mazoezi ya taratibu. Aliyepumzika wiki kadhaa aanze na nusu ya umbali wake wa zamani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

7. Hitimisho

Tangu tulipotoka Gatete, kikundi chetu cha alfajiri kimefuta lile sharti la chai na maandazi. Badala yake, kabla ya kuanza, kila mmoja hutamka sentensi moja juu ya mwili wake. Akisema amechoka, tunamuuliza: umelalaje, na mapigo yako yakoje? Akisema anaumwa mahali, tunamwambia aonyeshe kwa kidole. Akisema mwili haumpendezi, tunamgusa paji la uso, na mmoja wetu anaongozana naye kwenda kupimwa. Maswali haya hayachukui dakika tano.

Tunawaomba walimu wenzetu wanaowaongoza wanafunzi michezoni na ziarani wafanye vivyo hivyo. Pia tunapendekeza zoezi la darasani: wanafunzi wakusanye maneno ambayo watu wa kwao huyatumia kwa kuchoka, kuumia na kuugua, kwa Kiswahili na kwa lugha zao za nyumbani, wayapange kwa maana, kisha waeleze kila neno linadai pumziko gani. Watajifunza semantiki. Na siku moja mmoja wao atakapomwambia mwalimu wake "nimechoka", huenda akawa na neno sahihi zaidi la kusema, na mwalimu akawa na swali la kuuliza.